MPENZI WA ROKI: BENDI MPYA, ALBAMU NA ZIARA UTAZIJUAJE MAPEMA?

Mpenzi wa Bongo Fleva hana shida, akipanda daladala tu wimbo mpya unamkuta humo humo. Mpenzi wa roki hana bahati hiyo. Redio zetu hazimpigii, na akiandika "bendi mpya ya roki" mtandaoni analetewa majina yale yale ambayo kaka yake aliyasikia akiwa sekondari. Saa ya kafe inakatika, bando linaisha, na yeye bado yuko pale pale.

Dawa yake ni moja: usiitafute bendi, wafuate watu wanaoizunguka. Na wa kwanza kufuatwa ni lebo ndogo.

Chukua Sub Pop ya Seattle, Marekani. Novemba 1988 walianzisha klabu ya singo: unalipia kabla, halafu kila mwezi unatumiwa santuri bila kujua ni ya nani. Santuri ya kwanza ilikuwa ya vijana walioitwa Nirvana, nakala 1,000 tu. Waliolipia hawakuijua Nirvana, waliiamini lebo. Dunia ilikuja kustuka 1991, miaka mitatu baadaye! Katikati hapo, Juni 1989, Sub Pop walitoa albamu ya Bleach iliyorekodiwa kwa dola 606 na senti. Pesa hiyo ilitolewa na Jason Everman, ambaye jalada linamtaja kama mpiga gitaa wakati hakupiga hata noti moja. Ndiyo roki hiyo.

Msione Seattle ni mbali. Kampala kuna lebo ya Nyege Nyege Tapes. Agosti 2020 ilitoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotokea kwenye bendi za metali za hapo hapo jijini. Muziki wao ni mzito mpaka spika za kafe zinaomba msamaha, lakini magazeti ya muziki ya Ulaya na Marekani yaliwaandika kwa sifa. Sasa fuata mtu: Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake The Adept Aprili 2024 chini ya lebo yake mwenyewe, HAEKALU. Umeona? Lebo moja ikakupa bendi, bendi ikakupa mtu, mtu akakupa lebo nyingine. Huo mnyororo hakuna mashine ya kutafutia itakayokupangia vizuri hivyo.

Wa pili kufuatwa ni bendi inayofungua jukwaa. Wengi wakiona bango la ziara wanasoma jina kubwa tu. Kosa! Soma yale maandishi madogo ya chini. Agosti 1991 Sonic Youth walizunguka Ulaya, na waliowafungulia walikuwa hao hao Nirvana. Nevermind ilitoka tarehe 24 mwezi uliofuata. Bendi kubwa nyingi huchagua wenyewe wa kuwafungulia, kwa hiyo jina dogo pale ni kama barua ya mapendekezo kutoka kwa mtu unayemwamini.

Wa tatu ni mashabiki wenzako. Arctic Monkeys wa Sheffield, Uingereza, walianza kupanda jukwaani 2003. Demo zao walizichoma kwenye CD na kuzigawa bure kwenye shoo. CD zilikuwa chache, hivyo waliozipata wakageuza nyimbo kuwa mafaili na kurushiana mtandaoni. Hata ukurasa wa MySpace ulifunguliwa na mashabiki, sio na bendi. Agosti 2005 walipiga kwenye jukwaa dogo la tamasha la Reading na Leeds, watu wakafurika wakiimba nyimbo ambazo albamu yake haijatoka. Ilipotoka Januari 2006, wiki ya kwanza ziliuzwa nakala 363,735 Uingereza peke yake. Waliofanya kazi hiyo ni vijana kama nyie, wenye kompyuta ya kuazima.

Albamu zijazo. Hapa uongo ni mwingi, maana kila blogu inataka kuwa ya kwanza. Mashabiki wa Guns N' Roses waliahidiwa Chinese Democracy mwaka hadi mwaka mpaka ikatoka Novemba 2008. Albamu yao ya mwisho ya nyimbo mpya ilikuwa ya 1991. Wa Tool walisubiri kuanzia 2006 mpaka Agosti 2019. Kwa hiyo usiamini tarehe ambayo haiko kwenye tovuti ya bendi au ya lebo. Oktoba 2007 Radiohead walitangaza In Rainbows kwenye tovuti yao tu, na siku kumi baadaye ikawa hewani, kila mtu akijipangia bei ya kuipakua. Aliyekuwa anasubiri gazeti alichelewa.

Kumbuka pia kwamba tangu Julai 2015 albamu mpya duniani kote kwa kawaida hutoka Ijumaa. Ukiwa na saa moja tu ya kafe kwa wiki, iweke siku hiyo. Na pitia setlist.fm, mashabiki wanakoandika nyimbo zilizopigwa kila shoo. Ukiona wimbo usio kwenye albamu yoyote unajirudia usiku tatu nne, ujue kuna kitu kinapikwa.

Ziara sasa. Tusidanganyane, wakubwa wengi hawafiki kwetu. Wanaofika barani mara nyingi huishia Afrika Kusini: Foo Fighters walipiga huko Desemba 2014, Iron Maiden Mei 2016. Mwenye shangazi au mjomba Muscat au Dubai aangalie Ghuba, maana Coldplay walipiga Abu Dhabi Januari 2025. Jiandikishe barua pepe za bendi. Wanaojiandikisha mara nyingi hupewa nafasi ya kununua tiketi kabla ya wengine. Na tiketi uinunue kupitia kiungo kilichopo kwenye tovuti ya bendi. Anayekuuzia "nafasi ya mwisho" kwenye meseji atakula nauli yako na ada ya mdogo wako.

La mwisho, na hili linauma. Machi 2019 MySpace walikiri kwamba muziki uliopandishwa kwao mpaka 2015 umepotea wakati wa kuhamisha data. Zilitajwa nyimbo zaidi ya milioni 50. Kuna bendi ambazo kazi yao yote ilikuwa humo, ikafutika. Zilizookolewa ni kama 490,000, kwa sababu tu watafiti fulani walikuwa wamezipakua miaka ya nyuma. Sasa zinatunzwa na Internet Archive. Kwa hiyo ukikutana na bendi ndogo Bandcamp, ya Nairobi au ya popote, na mfuko unaruhusu, nunua hata wimbo mmoja. Faili unapewa, sio ruhusa ya kusikiliza tu. Liweke kwenye flashi, na nakala nyingine mwachie mtu wa nyumbani.