SASISHO LILILOFUTA MAFAILI

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: mfumo, sasisho, nakala. Somo la leo ni la historia. Tutaeleza jinsi sasisho moja la kompyuta lilivyowapotezea watu mali yao mwaka 2018.

Kwanza tuyaelewe maneno yenyewe. Kompyuta, hata ile ndogo ya kubeba iitwayo laptopu, haifanyi kazi bila mfumo wa kuiendesha. Mfumo huo ni kama msimamizi: hupokea herufi unazopiga, na huweka barua na picha zako mahali pake. Mfumo mmoja unaotumiwa na watu wengi sana ni Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Lakini mfumo huingia nyufa kama nyumba. Kampuni hutengeneza kiraka, na kukipeleka kwa wenye kompyuta. Kiraka hicho ndicho sasisho. Tangu Windows 98, iliyotoka mwaka 1998, viraka hivyo vimeweza kuletwa kwa njia ya intaneti.

Je, si afadhali mtu avikatae? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 14 Machi, 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mmoja mkubwa. Wengi hawakukitia. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilipita katika ufa huo, ikafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Kompyuta zaidi ya 200,000 zilipatwa, katika nchi kama 150. Huko Uingereza, hospitali zilivunja miadi ya maelfu ya wagonjwa.

Basi, kukataa sasisho ni hatari. Lakini mwaka uliofuata ulituonyesha upande wa pili.

Tarehe 2 Oktoba, 2018, Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10. Baada ya kulitia, baadhi ya watu walifungua kompyuta zao wakakuta barua na picha zao hazipo. Sababu ilikuwa nini? Watu hao walikuwa wamehamisha makabati yao ya mafaili na kuyapeleka mahali pengine ndani ya kompyuta, lakini mafaili mengine yalibaki katika kabati la zamani. Sasisho la nyuma lilikuwa limewaletea watu makabati matupu ya ziada, nao wakalalamika. Kwa hiyo sasisho jipya lilipewa kazi ya kuyaondoa. Likaliondoa na kabati la zamani, pamoja na vyote vilivyokuwamo.

Tarehe 6 Oktoba kampuni ililisimamisha sasisho hilo. Ilisema waliopatwa ni wachache mno. Lakini aliyepoteza picha za watoto wake, uchache wa wenzake haumfariji. Tena, kabla sasisho halijatoka, baadhi ya waliolijaribu walikwisha kutoa taarifa za kupotea kwa mafaili. Taarifa zao zilifunikwa na nyingine nyingi. Baadaye kampuni iliweka njia ya mtu kuonyesha uzito wa shida anayoieleza. Sasisho lilitolewa tena tarehe 13 Novemba, baada ya kutengenezwa.

Sasa sisi tujifunze nini? Kabla ya kutia sasisho kubwa, weka nakala ya mafaili yako nje ya kompyuta. Akiba haiozi. Hakikisha kuna nafasi ya kutosha ndani, na laptopu imeunganishwa na umeme. Usiizime kazi ikiwa katikati. Sasisho likishindwa, izime na kuiwasha upya, kisha ujaribu tena. Likiwa limekwisha kuingia na kuleta matata, mara nyingi mfumo wa zamani huweza kurudishwa, ila usikawie. Katika Windows 10 muda uliowekwa ulikuwa siku 10. Lakini kurudisha mfumo ni jambo moja, na kurudisha mafaili yaliyofutwa ni jambo jingine. Mafaili yakipotea, acha kuitumia kompyuta hiyo, maana maandishi mapya huweza kukaa juu ya yale ya zamani. Mwite fundi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini WannaCry iliweza kuingia katika kompyuta nyingi?
2. Sasisho la Oktoba 2018 lilitumwa kufanya nini, na likafanya nini?
3. Wewe ungeweka nakala ya vitu gani kwanza?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.