Kitabu kifupi si kitabu kidogo: juu ya kijitabu cha André Yav na maoni ya wasomaji wetu



Sisi tunaofundisha ndani ya masomo ya sekondari tunajua jambo moja. Mwalimu akiingia kalasini na kitabu mkononi, wanafunzi hawaangalii kwanza jina la mwandishi. Wanaangalia unene. Kikiwa na kurasa mia tatu, wanalia mbele ya kukifungua. Kikiwa na kurasa arobaini, wanacheka: «Mwalimu, hii njo buku ao ni kaye?»

Hatuwezi kuwahukumu, maana wazazi wao wanasema vilevile. Hapa Kambove pesa ni ngumu, na baba anayenunua kitabu anataka kuona uzito wa pesa yake. Tukiuliza watu wetu wanawaza nini juu ya vitabu vifupi na hadithi fupi, tunapata majibu ya namna tatu. Wa kwanza wanasema kitabu kifupi ni cha watoto, mtu mzima hawezi kujisifu nacho. Wa pili wanasema ni kizuri, kwa sababu kinaisha: mtu anatoka kazini, moto wa umeme unakatika, anasoma na mshumaa, na kesho yake anaweza kusimulia habari yote. Wa tatu ndio wachache, na sisi tunawasikiliza zaidi. Wanasema kitabu kifupi kinadanganya: unakimaliza kwa saa moja, kisha kinakusumbua mwaka mzima.

Tunataka kuonyesha hapa kwamba hao wa tatu wana haki. Na mfano wetu hatutautoa mbali. Tutautoa Lubumbashi, mji ambao sisi wa Kambove tumeunganishwa nao kwa reli tangu 1913.

Kijitabu cha 1965

Mwaka 1965 mtu mmoja aliyeitwa André Yav aliandika kwa mashine maandishi ya kurasa thelathini na kitu. Aliyaita, kwa Kifaransa, «Vocabulaire» ya mji wa Élisabethville. Jina hilo linapoteza msomaji, kwa sababu si kamusi hata kidogo. Ni historia. Ni habari ya mji ule tangu mwanzo wake, iliyoandikwa kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, wale ambao wazungu waliwaita maboyi.

Tukumbuke ulikuwa mwaka wa namna gani. Uhuru ulikuwa na miaka mitano. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, na kujitenga huko kukaisha Januari 1963. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akakamata utawala. Mji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Jina la Lubumbashi lilikuja 1966, mwaka uleule ambao Jadotville iligeuka Likasi. Mabwana wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Na maboyi wao wa zamani walibaki na nini? Walibaki na miaka yao ya kazi, na kumbukumbu.

Hao watu walikuwa wameona mji kutoka ndani. Mchimbaji wa Union Minière aliona shimo na kambi. Karani aliona ofisi. Lakini boyi aliona chumba cha kulala, meza, chupa, magomvi ya bwana na madamu. Alijua majina ambayo Waafrika waliwapa wazungu kwa siri, majina ambayo wenyewe hawakuyasikia kamwe. Kijitabu cha Yav kimeyatunza majina hayo. Kinaongea pia juu ya mishahara na posho, juu ya taabu ya wale waliofika wa kwanza, na kinapanda mpaka kwa mfalme Léopold II. Kwa kurasa hizo chache, boyi anasema: na sisi tulijenga mji huu, musitusahau.

Kitabu kinachotaka kusomwa kwa sauti

Maandishi hayo yalifika mkononi mwa Johannes Fabian, mtaalamu wa mila na desturi aliyefundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikitoa 1990, huko Amsterdam, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Walter Schicho aliongeza maelezo juu ya lugha. Lakini msaada tunaotaka kuutaja hasa ni ule wa Kalundi Mango, mtu wa kwetu.

Yav hakuandika kwa kufuata sheria za shule. Maneno mengine yameshikamana, mengine yamekatwa katikati, na alama za kupumzikia hazina utaratibu. Msomaji anayetumia macho tu anapotea. Basi Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti, na sauti yake ikarekodiwa. Hapo ndipo maana ilipotokea. Kumbe ilikuwa sauti ya mzee anayesimulia jioni mbele ya nyumba. Karatasi iliibeba tu.

Jambo hili limetufundisha sana sisi walimu. Tumejaribu mara nyingi kuwapa wanafunzi hadithi fupi wasome kimya, na walikuja na majibu makavu. Siku tuliyomwomba mmoja asimame asome kwa sauti, kalasi nzima ilinyamaza. Mwishoni mmoja akasema: «Mwalimu, rudia pale mwisho, siyasikia muzuri.» Kwa kitabu kinene hawawezi kuomba vile. Kitabu kifupi kinakubali kurudiwa, na hiyo ndiyo nguvu yake ya kwanza.

Wasomaji wanasema nini

Tumeongea juu ya kijitabu hicho na wenzetu walimu, na maoni hayafanani. Mmoja alisema: Kiswahili chake si Kiswahili bora, nitakifundishaje? Mwingine alisema kwamba habari zake hazifuati mstari wa miaka kama vitabu vya historia vinavyotaka, na kwamba mambo mengine hayalingani na yale tuliyosoma. Wa tatu aliuliza swali gumu zaidi: kurasa thelathini zinatosha kwa mji mzima?

Tuwajibu kwa heshima. Juu ya lugha: ni kweli, si Kiswahili cha Unguja. Lakini ni lugha ambayo ndani yake watu wetu walipokea amri, walipata posho, walizika wafu wao. Kama Yav angengojea kujua Kiswahili cha pwani, leo tusingekuwa na kitu. Juu ya miaka: mtu anayetafuta tarehe aende kwenye vitabu vya tarehe. Atasoma kwamba Union Minière ilianzishwa 1906 na mji 1910. Lakini hatajua boyi aliwaza nini alipokuwa anapiga pasi shati la bwana.

Juu ya ufupi, tunafikiri mwenzetu amechanganya mambo mawili. Kuna ufupi wa mtu asiye na neno, na kuna ufupi wa mtu aliyebeba mengi na karatasi ni kidogo. Wa kwanza unaisha na unasahau. Wa pili unaisha na unaanza kuuliza maswali.

Ufupi ni desturi yetu

Tukiangalia vizuri, kuandika kwa ufupi ni desturi ya nchi yetu. Zamenga Batukezanga, aliyezaliwa Luozi 1933 na kufariki 2000, alisomwa sana ndani ya masomo yote ya Kongo kwa vitabu vyembamba vya bei ndogo. Wakubwa wa fasihi walisema anaandika rahisi mno. Wasomaji hawakusikiliza, walipeana vitabu vyake mpaka majalada yakakatika. Valentin Mudimbe, aliyezaliwa hapa jirani Likasi mwaka 1941 na kutuacha 2025, aliandika vitabu vizito vya falsafa. Lakini hadithi yake ya padri aliyeingia porini na waasi, iliyotoka 1973, si kitabu kinene.

Tazama pia mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima kwa picha karibu mia moja, na mengi ya maelezo ni maneno machache juu ya turubai. Alijiona mwanahistoria. Na kikundi cha Mufwankolo huko Lubumbashi kilifanya michezo mifupi ya Kiswahili ambayo watu waliicheka jioni na kuijadili asubuhi wakienda sokoni.

Hata huko pwani, ambako wenzetu wana vitabu vingi, Shaaban Robert alitoa «Kusadikika» 1951, kitabu chembamba, na watu wangali wanabishana juu yake. Huko Kenya «Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine» ya 2007 iliingia mikononi mwa wanafunzi wa sekondari. Basi hatuko peke yetu.

Kaye ya mzee mmoja

Sasa tuseme jambo linalotuuma.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari. Ndani ya miji ya shaba, Kambove ikiwemo, kila barabara ilikuwa na baba aliyekaa mbele ya nyumba bila kazi. Jirani yetu mmoja alikuwa kati yao. Miaka michache baadaye alituletea kaye ya shule. Alikuwa ameandika humo maisha ya kambi: filimbi ya asubuhi, posho ya unga na samaki, mambo ya kapita, watoto waliozaliwa maternite ya kampuni. Kurasa ishirini, labda kidogo zaidi.

Alisema: «Mwalimu, uniangalilie. Kama iko muzuri, batoto basome.»

Tulikuwa bado vijana, diploma ya pedagojia ilikuwa mpya. Tukachukua kalamu nyekundu. Tulisahihisha kila mstari: huyu si «batu», ni «watu», hapa weka nukta, mwaka gani? Mwishoni tukaandika: ni fupi mno, ongeza. Tukamrudishia. Aliangalia ile wino nyekundu, akasema tu «Aksanti, mwalimu», akaenda.

Hakuongeza kitu. Hakuleta tena. Alipokufa tuliuliza watoto wake juu ya ile kaye. Binti wake alituambia kwamba karatasi zilitumika kufungia karanga.

Toka siku hiyo, tukisikia mtu anasema kitabu kifupi si kitabu, tunanyamaza kwanza. Tulikuwa na Vocabulaire yetu ya Kambove mkononi, nasi tuliipima kwa unene. Yav alipata bahati ambayo jirani yetu hakupata: msomaji mmoja aliyekubali kufungua kinywa na kusoma kwa sauti mbele ya kusahihisha.

Tufanye nini?

Hatuombi mambo makubwa. Kambove ingali na wazee waliofanya kazi mbele ya Januari 1967, wakati serikali ilipotwaa Union Minière. Ni wachache sana sasa. Wako pia wamama waliosimama mstari wa posho, na wale wa 2003, ambao nao wanazeeka. Kila mmoja ana kurasa kumi ao ishirini ndani ya kichwa.

Tunawaomba wenzetu walimu: kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aende kwa mzee mmoja na kaye moja, aandike kama mzee anavyosema, kwa Kiswahili kilekile cha kinywa chake, na atie tarehe ya siku walipoongea. Asiongeze, asikate. Kisha isomwe kwa sauti kalasini, na mzee mwenyewe awepo kama ana nguvu. Kusahihisha kutakuja nyuma, na kwa karatasi nyingine, ile ya kwanza ibaki ilivyo.

Na wewe, ndugu msomaji, kama ndani ya sanduku ya baba yako iko karatasi ya zamani, usiipime kwa kidole. Iketi nayo, isome kwa sauti. Pengine utasikia mtu.