Picha ya Posta Kutoka Vugiri

Ukitoka Korogwe mjini ukaanza kuupanda mlima wa Usambara, joto la bondeni unaliacha nyuma kona baada ya kona. Huko juu, jirani na mashamba ya chai ya Ambangulu, ndiko iliko Vugiri. Leo msafiri hupita hapo akitafuta hewa safi na mandhari ya bonde. Mwaka 1935 hapo hapo palikuwa na kiwanda cha kutengenezea filamu, na moja ya kazi zake za mwanzo kabisa ilikuwa ni tangazo la biashara. Halikunadi sabuni wala sigara. Lilinadi akiba ya Posta.

Chanzo cha kiwanda hicho ni mkonge. Zao hili lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa, iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kufikia miaka ya 1920 mashamba yalikwisha tapakaa Tanga nzima, na shida ya wenye mashamba haikuwa ardhi bali watu. Wafanyakazi, ambao pwani iliwaita manamba, walitoka mbali, wakamaliza kipande chao cha kazi na kutaka kurudi kwao. Mwaka 1926 meneja mmoja wa mashamba ya mkonge katika Afrika Mashariki, Meja L. A. Notcutt, akapata wazo: pengine sinema jioni ingewafanya watu hawa waridhike na wakae.

Wazo hilo lina umri wa karibu miaka mia, lakini meneja yeyote wa leo anayewaonyesha wafanyakazi wake video ya kuwatia moyo atalitambua papo hapo. Notcutt hakuanza na sanaa. Alianza na hesabu ya shamba.

Miaka tisa baadaye wazo lilikwisha pata wafadhili. Shirika la Carnegie la New York lilitoa fedha, Baraza la Kimataifa la Wamisionari likasimamia, na Notcutt akaungana na G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkuu wa elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini. Mradi wakauita Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri. Walitumia filamu nyembamba ya milimita 16, kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko ile ya majumba ya sinema, na sauti wakaitia kwenye santuri. Picha ilipita kwenye projekta huku santuri ikizunguka pembeni, na fundi alipaswa kuhakikisha kwamba maneno hayaitangulii midomo. Anayejua santuri anajua sindano inavyoruka. Mtu na awafikirie mafundi wale, usiku, uwanjani, mbele ya kijiji kizima.

Filamu ya Posta ilikuwa na hadithi ambayo mtoto angeweza kuisimulia. Vibarua wawili wanapokea mshahara. Mmoja anachimba shimo ndani ya nyumba yake na kuzifukia fedha; mwizi anamwona, anangoja, anazichukua. Mwenzake anazipeleka Posta, anazikuta salama. Basi. Hakuna msemaji anayetaja mwaka ambao benki ilianzishwa, hakuna mkuu aliyekaa nyuma ya meza akisoma dira na dhamira. Huduma ya akiba ya Posta Tanganyika ilikuwa na miaka kumi tu tangu 1925, na mpinzani wake mkubwa hakuwa benki nyingine. Alikuwa ni lile shimo la chini ya kitanda. Waliotunga filamu walimjua mpinzani huyo kwa jina, wakampiga palepale.

Kwa macho ya mwandishi huyu, sehemu hiyo ya kazi ya Vugiri bado haijazeeka. Iliyozeeka ni ile dharau iliyokuwa ndani yake. Watengenezaji waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, kwa hiyo walivuta mambo polepole na kueleza kisichohitaji kuelezwa. Mwizi, kwa kawaida, alikuwa Mwafrika. Mwenye kujua alikuwa Mzungu au mwanafunzi wake. Vilevile, muda na fedha vilikuwa haba, na ubora wa picha ukaonyesha hivyo.

Hata hivyo gari la sinema lilitoka. Likiwa na jenereta yake, lilipita Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na maneno yakatiwa katika lugha za huko lilikokwenda, Kiswahili kikiwemo. Jumla ya filamu 35 zilitengenezwa: za safura, za kahawa, za mahindi ya kuuza nje, hata moja ya sungura na chui. Mwaka 1937 fedha ziliisha, serikali za kikoloni hazikukubali kubeba mzigo, na Vugiri ikanyamaza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini ilikuja Tanganyika kutengeneza filamu za Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu stelingi alikuwa kijana Rashidi Kawawa, yule ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Watu walimpenda kwa sababu walimwona mtu wa kwao akihangaika na mambo ya kwao. Mfanyabiashara yeyote angeweza kujifunza jambo hapo, ila siasa iligeuza upepo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, mwaka 1968 likaundwa Shirika la Filamu Tanzania, na tangazo la biashara likakosa kazi. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilisubiriwa kwa foleni. Nani atangaze sabuni isiyokuwepo dukani?

Televisheni ilizaliwa Tanzania Bara mwaka 1994, na matangazo yakarudi nayo, sehemu kubwa yakitengenezwa Dar es Salaam au Nairobi. Mikoani watu walikuwa na chuo kingine: kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, na wasimulizi kama Lufufu waliozitia filamu za kigeni Kiswahili. Mteja alilipa kumsikia msimulizi kama alivyolipa kuona picha. Ile santuri ya Vugiri ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa na ucheshi.

Leo Tanga, mkoa wa hiyo Vugiri, video za makampuni si haba, na nyingi zinafanana. Droni inapaa juu ya paa la ghala, muziki mzito unapigwa, sauti nene inasema kampuni inaongoza kwa ubora, halafu wakuu wanapeana mikono. Ukibadilisha nembo, saruji inageuka hoteli. Mtazamaji wa simu, anayehesabu salio la bando lake, hangoji.

Na Tanga hadithi zipo za kumwaga. Chukua bandari. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi gatini, kwa sababu kina cha gati kilikuwa mita 3. Baada ya maboresho yaliyoanza 2019 na kugharimu shilingi bilioni 429.1, kina ni mita 13, na meli inakuja kuegemea gati lenyewe. Hiyo ni picha mbili tu, ya zamani na ya sasa, na kijana wa winchi akieleza saa anazookoa. Chukua Tanga Fresh, ambayo maziwa yake hutoka kwa wafugaji wadogo walio katika vyama vya ushirika: mama anayekamua alfajiri na kukimbiza ndoo kituoni kabla jua halijapanda ana mvuto kuliko tangi lolote la chuma cha pua. Chukua bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017. Mvuvi wa Chongoleani ana maswali yake, na video inayomjibu yeye itaaminika hata na mwekezaji aliyeko ng'ambo.

Kabla ya kumwita mpiga picha, basi, mwenye biashara wa Tanga angeanza na swali la Posta: mteja wangu sasa hivi anafukia wapi fedha zake?

Kuhusu zile filamu 35, zinazojulikana kubaki ni tatu tu, zimehifadhiwa British Film Institute, London: ya mafunzo ya udaktari wa mifugo, ya safura, na ya mashamba ya Kingolwira, Morogoro. Ile ya Posta haimo.