Mbebaji Tu

Niling'olewa jino nikiwa darasa la saba, nikavuja damu siku tatu. Daktari alijua kaka yangu ana hemofilia. Bado akamwambia mama, "Huyu asikupe wasiwasi. Msichana ni mbebaji tu."

Hiyo "tu" ni ya kale. Mwaka 1803, John Conrad Otto, daktari wa Philadelphia, aliandika kuhusu familia ambazo wanaume wao wakichubuka kidogo wangeweza kuvuja damu hadi kufa. Wanawake, alisema, hawapatwi, ila huwapitishia watoto wao. Baadaye ikaja familia ya Malkia Victoria, na hadithi ikaganda hapo. Mwanawe Leopold alianguka akafa 1884, akiwa na miaka 30. Kitukuu chake Alexei, mrithi wa kiti cha Urusi, wengi tunamjua kwa sababu ya Rasputin.

Lakini Alexei alikuwa na dada wanne, na hao nani anawauliza? Shangazi yao Olga alikuja kusimulia kwamba Maria, alipokatwa tezi za koo, alitoka damu hadi daktari akaingiwa na hofu. Familia hiyo iliuawa 1918. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa yao, wakakuta kasoro ya hemofilia kwa Alexei, kwa mama yake, na kwa binti mmoja. Mpaka leo watu wanabishana kama ni Maria au Anastasia.

Maelezo yenyewe yalikuwepo tangu 1961. Mary Lyon, Mwingereza aliyechunguza rangi za manyoya ya panya, alisema jike ana kromosomu X mbili, ila kila seli huzima moja, kibahati nasibu. Paka jike mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa? Ndiyo hiyo hiyo. Sasa, seli nyingi zikizima ile X nzima, unabaki unategemea ile mbovu.

Ilibidi tungoje hadi 2021 ndipo wataalamu wa kimataifa wa kuganda kwa damu wapendekeze kwamba mwanamke mwenye protini ya kugandisha chini ya asilimia 40 atajwe kuwa na hemofilia, kama mwanaume yeyote.

Mwaka jana nilipimwa. Asilimia 22. Mama alishika ile karatasi kwa muda mrefu. Alijifungua mara tatu, na mara zote tatu aliongezewa damu. Akaniuliza, "Na mimi wanaweza kunipima?"