Baiskeli Zilizopita Chapwa

Siku Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipopata habari kwamba vita imekwisha, alikuwa akisafiri kwa baiskeli. Ilikuwa tarehe 13 Novemba 1918, siku mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya, kwenye barabara itokayo Kasama kwenda mto Chambeshi, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake walikuwa wamemkamata mjumbe wa Kiingereza aliyekuwa kwenye pikipiki, na katika karatasi zake ndimo ilimokutwa habari ya kusitisha vita. Jemadari ana baiskeli, adui yake ana pikipiki. Wengine karibu wote katika kisa hiki wanatembea kwa miguu.

Naanzia hapo kwa sababu wiki mbili kabla ya siku hiyo jeshi lilelile lilipita kwa wajomba zangu. Lilikuwa limetoka Msumbiji mwishoni mwa Septemba, likapanda Ubena, likageukia magharibi hadi misheni ya Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba likaishambulia Fife, kituo cha Waingereza ng'ambo ya mpaka, karibu na Nakonde ya leo. Hawakukiteka; wakakipita na kuendelea kusini. Sasa chukua ramani uangalie: mtu akitoka Mbozi kwenda Fife, Chapwa haiko mbali na njia yake. Leo Chapwa ni kata ya Mji wa Tunduma, mkoa wa Songwe, kando ya barabara kuu ya Mbeya. Abiria wengi wa mabasi wanaijua kwa kitu kimoja tu, nacho ni foleni ya malori yanayosubiri kuvuka.

Wanajeshi walioweka silaha chini kule Abercorn, Mbala ya sasa, tarehe 25 Novemba, walihesabiwa vizuri. Askari weusi walikuwa 1,168. Wapagazi ndio hesabu yao imekuwa kizungumkuti hadi leo. Waliobeba mizigo ya Wajerumani na waliobeba mizigo ya Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, malaria na njaa, na wanahistoria bado wanakadiria tu. Upande wa Zambia waliitwa tengatenga. Upande wetu wametuachia jina la soko: Kariakoo ya Dar es Salaam inatokana na jeshi la wapagazi la Waingereza, na kila siku watu wananunua nyanya na vitenge juu ya kumbukumbu yao bila habari.

Basi hapo ndipo ninapoiona baiskeli kwa mara ya kwanza katika njia hii. Ilikuja kama chombo cha mkubwa, anayetangulia kukagua njia huku mzigo wake ukija nyuma kichwani mwa mtu mwingine.

Baada ya vita ikaanza kushuka ngazi, polepole. Karani alikuwa nayo, mwalimu wa misheni alikuwa nayo. Halafu wakaja vijana wa huku kusini waliokwenda migodini, Kopabeti na Afrika Kusini, wakarudi na cherehani, blanketi na Raleigh. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Raleigh yake sikuwahi kuiona ikitembea, ila fremu yake nimeikuta imeegeshwa nyuma ya ghala la mahindi, nyeusi, nzito, na mtu akitaka kuitupa mjomba wangu anakuwa mkali. Baadaye zikaja Phoenix za Mchina na Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam, na baiskeli ikawa ng'ombe wa mtu asiye na ng'ombe. Inabeba gunia la mahindi, kreti ya soda, mgonjwa, jeneza la mtoto. Shinyanga na Mwanza ilibeba abiria hadi ikaitwa daladala. Mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia, vijana walivusha watu na mizigo kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili kwa baiskeli, wakiita "boda, boda". Neno hilo leo linasemwa Afrika Mashariki nzima na wengi wanadhani lilizaliwa na pikipiki.

Tunduma haikutoa neno. Ilitoa njia za panya.

Mjomba alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu mwaka 1983. Wasomaji waliozaliwa baadaye, kama mimi, tunasimuliwa tu habari za miaka ile: sukari ya kugawiwa, sabuni ya kupigia foleni, chumvi ya kuazima kwa jirani. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, maduka matupu. Na hapo Tunduma, upande wa pili wa barabara, kuna nchi nyingine yenye maduka yake. Mwaka huohuo Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikapitishwa. Watu wakatupa bidhaa vichakani na mitoni kwa hofu. Wakubwa walikamatwa, ni kweli, lakini mpakani neno mhujumu liliwafikia hata wenye mche mmoja wa sabuni.

Mjomba alikuwa anabeba sukari na sabuni kutoka Nakonde. Usiku, bila taa, kwa njia za mashambani zinazozunguka nyuma ya Chapwa, mpaka Vwawa. Mizigo ilifungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu, na cheni ilipakwa mafuta ya kupikia ili isilie. Kwenye makorongo walishuka na kuibeba baiskeli pamoja na mzigo wake. Walikwenda wanne au watano, kila mmoja ameachana na mwenzake mwendo wa kutosikika, ili mmoja akikamatwa wengine wageuze. Usiku mmoja wa mbele yake alikamatwa. Mjomba alisikia baiskeli ikianguka, kisha sauti za watu, kisha kimya. Akageuza. Huyo mwenzake alirudi nyumbani baada ya miezi mingi, amekonda, na baiskeli hakuirudishiwa. Hadi anazeeka alikuwa anatembea kwa miguu, na mjomba ananiambia alikuwa haoni aibu kumpita kwa baiskeli barabarani. Alikuwa anazunguka njia nyingine asimpite.

Bajeti ya 1984 ilifungua mlango kidogo: mwenye fedha zake za nje aliruhusiwa kuleta bidhaa. Sokoine mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, Aprili 12, kwa ajali ya gari mkoani Morogoro. Sabuni ikarudi madukani, na safari za usiku zikapungua faida.

Sasa sikiliza. Mwisho wa mwaka huohuo 1984, Waingereza wawili, binamu, Nicholas na Richard Crane, walikuwa wanapandisha baiskeli za gia kilele cha Kilimanjaro. Walifika juu kabisa, na wakaandika kitabu. Fedha walizochangisha zilikwenda kwenye shirika la misaada, kwa hiyo sina ugomvi nao hata kidogo. Ninachotazama ni tarehe. Katika nchi moja, ndani ya mwaka mmoja na kitu, watu wawili wanabeba baiskeli mabegani kupanda mlima na dunia inapiga makofi, na wengine watano wanabeba baiskeli mabegani kuvuka korongo la Songwe na wanaomba Mungu asiwepo mtu wa kuwaona.

Kuanzia hapo mchezo huu ukakua. Siku hizi kuna mbio za kuzunguka Kilimanjaro kwa baiskeli za gia, karibu kilometa 250 kwa siku mbili, na wageni wanapanga likizo zao kwa ajili hiyo. Tangu 2003 kuna msafara wa kila mwaka wa kutoka Cairo hadi Cape Town, ambao ukifika Mbeya hukata kushoto kwenda Malawi. Na mwaka 2015 Mskoti Mark Beaumont aliendesha peke yake Cairo hadi Cape Town, kilometa 10,812, kwa siku 41, saa 10 na dakika 22. Piga hesabu: ni kama kilometa 260 kwa siku. Yeye hakupitia Malawi. Alitoka Tanzania akaingia Zambia, na kwa anayefuata lami mlango wa safari hiyo ni Tunduma. Maana yake Chapwa aliipita, Mei au mwishoni mwa Aprili, akiwa na dakika zake zinazohesabiwa. Nimeuliza pale kijiweni kama kuna anayemkumbuka. Hakuna. Mzungu kwenye baiskeli ni kitu cha kawaida barabara ile, kama lori la shaba.

Mwaka jana nilichukua likizo Agosti nikaenda kumwona mjomba, na nikajikuta mashindanoni. Vijana wa mtaa walikuwa wamechangishana kuandaa mbio wiki ya Nane Nane: mizunguko mitatu, kutoka uwanjani, kupita mashamba yaliyovunwa, kushuka korongoni, kupanda, kurudi. Zawadi ya kwanza tairi mbili na tyubu zake, na fedha kidogo. Mimi nilikodi baiskeli ya gia kwa fundi, nikavaa kofia ngumu niliyotoka nayo Dar es Salaam. Watoto walinishangilia kabla hatujaanza, nikajua mambo si mazuri.

Tuliokuwa na gia tulikuwa watatu. Wengine, kama kumi na watano, Phoenix tupu, wameng'oa madigadi na keria. Baridi ya Tunduma mwezi wa nane inajulikana, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari si mchezo, na upepo ulikuwa unatupiga vumbi la mashamba usoni. Mzunguko wa kwanza niliwaona. Mzunguko wa pili niliona vumbi lao. Kwenye mchanga mlaini gia zangu zilinisaidia. Kwenye mteremko wa korongo, ambako mimi nilishika breki mbili, wao waliteremka wakikanyaga ardhi kwa kandambili kama breki ya tatu. Aliyeshinda ni kijana anayebeba mahindi kwa baiskeli kutoka vijijini kuleta sokoni. Siku ya kawaida anapakia magunia mawili. Nilipomuuliza alijiandaaje, alinitazama kama mtu aliyeulizwa alijiandaaje kuamka.

"Kaka, leo nilikuwa mtupu," akasema. "Bila mzigo baiskeli inaruka yenyewe."

Nilimaliza wa kumi na nne. Muda wangu siujui, maana aliyekuwa na saa aliandika watatu wa kwanza tu, akaenda kula.

Jioni nilimsimulia mjomba habari za Suleiman Kangangi, Sule, wa Kenya. Nilikuwa nimemfuatilia kwa miaka. Alimaliza wa tatu Tour du Rwanda mwaka 2017. Akawa nahodha wa Team Amani, timu iliyoundwa kwa ajili ya waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki, ambao wana mapafu na miguu lakini wanakwama kwenye viza na nauli kabla hawajafika kwenye mstari wa kuanzia. Dawa mojawapo waliyoiona ni kuzileta mbio huku, na mwaka 2021 wakaanzisha mashindano Maasai Mara, kilometa 650 hivi kwa siku nne, juu ya changarawe na njia za ng'ombe. Walio bora duniani ndio wapande ndege safari hii. Kwangu mimi hilo ni tukio kubwa katika historia ya baiskeli ukanda huu, kubwa kuliko ushindi wa Tour de France wa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye alipofika juu alikuwa na leseni ya nchi nyingine. Tarehe 27 Agosti 2022 Sule alikuwa Vermont, Marekani, katika mbio za barabara za vumbi. Alianguka akiwa kwenye kasi kubwa, akafariki. Alikuwa na miaka 33, mke na watoto.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Alikuwa amebeba nini?"

Nikamwambia hakubeba kitu. Chupa ya maji.

Akanyamaza. Sikujua kama anamhurumia au anamshangaa, na sikuuliza. Kule barabarani malori yalikuwa yamewasha taa. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa 2019 na foleni ikaambiwa itakwisha. Usiku ule ilikuwa imepita Chapwa. Sukari ya Zambia inauzwa dukani kwa jirani na risiti inatolewa.

Nilikuwa na simu mkononi, nimefungua ramani, nataka kujua alitumia muda gani kutoka Nakonde hadi Vwawa na mzigo, gizani. Nilitaka namba, niiweke karibu na zile za Beaumont.

"Saa hatukuwa nazo," mjomba akasema. "Tuliondoka mwezi ukishatua. Jogoo wa kwanza tukiwa tunafungua mizigo."

Nikamuuliza mwezi ulitua saa ngapi.

"Wewe mwandishi," akasema, "si una simu? Tafuta."