Uhispania: Miaka ya kukariri sheria kabla ya kuitwa jaji

KIJANA wa Uhispania anayetaka kuwa jaji hahitaji kuwa wakili kwanza, wala hahitaji kujulikana na yeyote serikalini. Sharti awe raia, awe na shahada ya sheria, kisha aweze kuketi mbele ya jopo la watu tisa na kueleza kwa kinywa, bila kitabu, mada tano za sheria kwa muda wa saa moja. Asipoweza, hurejea nyumbani kungoja tangazo jingine la mtihani.

Mtihani huo wa ushindani, ambao Wahispania huuita oposición, una mizizi yake katika sheria ya mahakama ya mwaka 1870. Katika karne hiyo ya 19 serikali zilikuwa zikianguka kila mara, na kila iliyoingia ilikuwa na watu wake wa kuwapa kazi, mahakamani na kwingineko. Mtihani ulikusudiwa kuwa kizuizi dhidi ya tabia hiyo.

Kwa msomaji wa Kenya mfumo huu ni mgeni kabisa. Chini ya Katiba ya 2010, anayetaka kuwa jaji wa Mahakama Kuu sharti awe na tajriba ya miaka isiyopungua 10 akiwa hakimu, wakili au msomi wa sheria. Humsaili Tume ya Huduma ya Mahakama (JSC), katika vikao ambavyo tangu 2011 Wakenya wamekuwa wakivifuata kwenye runinga. Jina lake hupelekwa kwa Rais, naye ndiye humteua rasmi. Uhispania, kama ilivyo katika nchi nyingi za bara Ulaya, huuchukulia ujaji kuwa kazi ya utumishi wa umma ambayo mtu huingia angali kijana, akapanda ngazi taratibu hadi nywele zimwote mvi. Kwa kuwa kijana hana rekodi ya kazi ya kuonyesha, hana budi kupimwa kwa kile alichokitia kichwani.

Mtihani una hatua tatu. Ya kwanza ni ya maandishi: maswali 100 yenye majibu ya kuchagua, ambapo jibu lisilo sahihi hupunguza alama. Hapo ndipo maelfu huchujwa. Hatua ya pili na ya tatu ni za kinywa, na hufanyika jijini Madrid katika jengo la Mahakama ya Juu. Katika hatua ya pili mtahiniwa hueleza mada moja ya sheria ya katiba, mbili za sheria ya madai na mbili za sheria ya jinai. Katika ya tatu huja mbili za mwenendo wa kesi za madai, moja ya mwenendo wa kesi za jinai, moja ya sheria ya biashara na moja inayohusu ama sheria ya utawala au ya kazi. Mada zote zinazoweza kuulizwa ni zaidi ya 300, nazo hupatikana kwa kura, mbele ya mtahiniwa mwenyewe.

Hesabu yake ni rahisi, na inatisha. Mada tano kwa dakika 60 ni dakika 12 kwa kila moja. Mtahiniwa hupewa dakika chache za kupanga mawazo yake, kisha huanza kusema. Anatakiwa kutaja vifungu kwa maneno yake halisi, kwa mpangilio, bila kusita. Jopo likiona mapema kwamba hana kitu, laweza kumtaka aondoke kabla ya kumaliza. Wajumbe wake ni majaji na viongozi wa mashtaka, pamoja na profesa wa chuo kikuu, wakili wa serikali, wakili wa kujitegemea na afisa mwandamizi wa utawala wa mahakama. Mlango huwa wazi. Yeyote anaweza kuingia kusikiliza, na watahiniwa ambao zamu yao haijafika huenda kuketi nyuma wakapime pumzi za wenzao.

Maandalizi ya siku hiyo huchukua, kwa wale wanaofaulu, takriban miaka minne hadi mitano baada ya chuo kikuu. Wapo waliofaulu kwa muda mfupi zaidi, na wapo wengi waliokaa zaidi ya hapo. Mtahiniwa hasomei darasani. Hujifungia chumbani, aghalabu nyumbani kwa wazazi wake, akasoma saa nane hadi kumi kila siku kwa siku sita za juma, na ya saba akapumzika. Mara moja au mbili kwa wiki huenda kwa mkufunzi wake, ambaye mara nyingi ni jaji au kiongozi wa mashtaka anayefanya kazi hiyo baada ya saa za ofisi kwa malipo ya kila mwezi. Mkufunzi huchagua mada bila kumwonya, huwasha saa, na mwanafunzi huanza "kuimba".

Hilo ndilo neno lao. Wahispania husema mtahiniwa "anaimba" mada. Msomaji wa pwani aliyewahi kupita chuoni hatashangaa: wanafunzi wa hifdhi nao hukaa mbele ya mwalimu wakasoma kwa moyo alichowapangia, naye akiwasahihisha. Tofauti ni kwamba maneno ya msahafu hayabadiliki, ilhali bunge la Uhispania linaweza kurekebisha kifungu wiki yoyote, na mada iliyohifadhiwa kwa miezi mitatu ikalazimika kuvunjwa na kujengwa upya. Adui mkubwa wa mtahiniwa basi si ugumu wa sheria, ni usahaulifu. Anapofikia mada ya 200, ile ya 15 imekwisha kumponyoka, kwa hiyo mpango wake wa masomo sharti uwe mzunguko: kujifunza mapya asubuhi, kurudia ya zamani jioni. Wakufunzi wengi husisitiza mzunguko huo kuliko wingi wa saa.

Swali la haki linaanzia hapa. Nani anayeweza kumlisha kijana wa miaka 23 hadi afike 28 bila mshahara, na juu yake kumlipa mkufunzi? Wakosoaji wamesema kwa miaka mingi kwamba mtihani huu, ujapokuwa wazi kwa wote kwenye karatasi, huwapendelea wenye nafasi. Katika miaka ya 2020 serikali ilianzisha ufadhili kwa watahiniwa wasiojiweza, jambo ambalo lenyewe ni ushahidi kwamba malalamiko hayo hayakuwa ya bure. Wakosoaji hao huuliza pia: kumbukumbu ina uhusiano gani na kumtazama shahidi machoni na kujua kama anasema kweli?

Watetezi wana jibu, nalo si jepesi. Jaji mpya hupelekwa kwanza katika mahakama ya mji mdogo, ambako siku hiyo hiyo huweza kushughulikia mgogoro wa nyumba na kuamua kama mshukiwa wa wizi alale korokoroni. Hana muda wa kufungua vitabu. Muhimu zaidi, alama ni alama. Mwenye alama nyingi yuko juu ya mwenye alama chache, na nafasi huchukuliwa kwa kufuata orodha hiyo.

Kenya imeonja uchungu wa kukosa orodha ya namna hiyo. Mwaka 2019 JSC ilipendekeza majina 41 ya majaji, na Rais Uhuru Kenyatta hakuyaidhinisha. Walisubiri karibu miaka miwili. Juni 2021 aliteua 34 na kuwaacha sita, licha ya mahakama kusema kwamba Katiba haimpi nafasi ya kuchagua. Sita hao waliapishwa Septemba 2022 baada ya William Ruto kuingia madarakani.

Hata hivyo, mtihani hauifukuzi siasa mahakamani. Huizuia mlangoni tu. Uteuzi wa vyeo vya juu nchini Uhispania uko mikononi mwa Baraza Kuu la Mahakama, ambalo wajumbe wake 20 huchaguliwa na bunge. Kwa sababu ya ugomvi wa vyama, baraza hilo lilipitwa na muda wake Desemba 2018 na halikufanywa upya hadi Julai 2024. Majaji walioingia kwa alama zao walijikuta wakingoja makubaliano ya wanasiasa ili kupanda ngazi.

Waliofaulu huchagua, kwa kufuata nafasi zao kwenye orodha, ama ujaji au kazi ya mashtaka. Wa ujaji hupelekwa katika Shule ya Majaji mjini Barcelona, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi wa majaji wazoefu. Huko ndiko hufunzwa yale ambayo mtihani haukuyagusa: kuandika hukumu, kuendesha kikao, kumsikiliza mtoto aliyedhulumiwa. Upo pia mlango mwingine, mwembamba zaidi, kwa wanasheria wenye tajriba ya miaka 10 au zaidi, ambao hupimwa kwa rekodi yao ya kazi. Huo ndio unaokaribiana na utaratibu wa Kenya, na ndio majaji wa kazi huutilia shaka zaidi.

Mwaka 2025 serikali ya Uhispania iliwasilisha mswada ambao, pamoja na mengine, ulitaka mtihani uwe na sehemu ya kuandika yenye kupima uwezo wa kuchambua, ili uzito wa kukariri upungue. Vyama kadhaa vya majaji na viongozi wa mashtaka viligoma mwanzoni mwa Julai mwaka huo kupinga mabadiliko hayo, vikidai kwamba yangefungua njia ya upendeleo.

Wasiofaulu hawapewi cheti chochote. Baadhi yao hugeukia mitihani midogo ya utumishi wa mahakama, ambako mada nyingi ni zile zile walizokwisha kuzihifadhi. Wengine huanza uwakili wakiwa na miaka 30, wakishindana na vijana waliowatangulia ofisini kwa miaka sita.