Kariakoo ilipokuwa mahali pa kulala

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Wajerumani ilinunua shamba la minazi lililokuwa magharibi mwa mji wa Dar es Salaam, mali ya Mjerumani aliyeitwa Schoeller. Wapimaji wakalikata viwanja vidogo vidogo, mitaa ikanyooshwa, mmoja ukiukata mwingine. Kusudi lilikuwa kuwakusanya mahali pamoja Waafrika waliokuwa wakiishi hapa na pale karibu na mji na bandari. Jengo la soko nalo likasimamishwa, lakini vita vikaingia kabla halijazoeleka. Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji, na eneo lile likageuka kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Wapagazi waliondoka, jina likabaki midomoni mwa wenyeji, na hadi leo tunasema Kariakoo.

Ubaguzi wa mpango ule haukufichwa. Kulikuwa na Uzunguni upande wa bahari, Uhindini penye maduka, na Uswahilini huko nyuma. Katika miaka ya 1920 Waingereza walikamilisha kazi kwa kuacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja kati ya Wahindi na Waafrika, kwa hoja ya afya. Hata hivyo, ndani ya dhuluma ile lilikuwamo jambo moja ambalo Dar es Salaam haijawahi kulipata tena kwa kiasi kile. Kuli wa bandarini, karani, fundi wa reli na mpishi wa Uzunguni walilala mahali ambapo waliweza kutoka alfajiri na kufika kazini kwa miguu. Nauli haikuwamo katika hesabu zao za mwezi.

Nyumba zilizojazwa katika viwanja vile zinastahili kuelezwa, kwa sababu zinatoweka mbele ya macho yetu. Ni nyumba ya vyumba sita: unaingia mlango wa mbele, ukumbi unakwenda moja kwa moja hadi nyuma, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Nyuma kuna ua, na ndani ya ua kuna jiko, bafu, choo na mahali pa kuanika nguo. Mbele, barazani, kuna kibao cha kukalia. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti, baadaye mabati au madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mwenye nyumba, na wengi walikuwa akina mama, alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Mmanyema, Mzaramo, Mnyamwezi na Mngazija walichangia ukumbi mmoja, wakapokezana jiko na kulea watoto uani. Kijana aliyeshuka kwenye treni hakuhitaji kiwanja wala mkopo wa benki. Alihitaji jamaa wa kumwonyesha nyumba, na kodi ya chumba kimoja. Sijaona sera ya makazi ya nchi hii iliyowapokea wageni wengi wa mji kwa gharama ndogo kuliko chumba hicho.

Watu wanaoishi jirani hivyo hukutana, na kukutana kuna matunda yake. African Association, iliyoanzishwa mwaka 1929, ilikuwa na jengo lake New Street, barabara ambayo leo ni Lumumba, na humo ndimo ilimozaliwa TANU, chama kilichopigania uhuru, tarehe 7 Julai 1954. Abdulwahid Sykes, mmoja wa viongozi wa harakati zile, alikuwa Mkuu wa Soko la Kariakoo. Klabu za soka, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka uliofuata, zimekulia mitaa hiyo hiyo, na shabiki wa Mwanza ambaye hajawahi kufika Dar bado anaziita Jangwani na Msimbazi.

Kariakoo ilijaa mapema. Ilala ilipimwa, na katika miaka ya 1950 zikafuata Magomeni, Temeke na Kinondoni. Uhuru ulipopatikana, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilianza kubomoa nyumba za udongo na kujenga za matofali mahali pale pale. Nia ilikuwa njema, lakini hesabu haikukubali: kila nyumba mpya ilitanguliwa na nyumba iliyobomolewa, huku watu wakizidi kumiminika. Sensa ya 1967 ilihesabu wakazi wapatao 273,000 mjini Dar es Salaam, na ya 1978 ikakuta wameongezeka karibu mara tatu. Hakuna shirika ambalo lingeweza kushindana na kasi hiyo kwa mwiko na simenti.

Serikali ikabadili njia. Kuanzia miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilipima viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili mwananchi ajenge mwenyewe, na Manzese, iliyokwisha kujijenga bila ramani, ikaachwa isimame na kuwekewa barabara na maji. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini viwanja vile vilikuwa mbali, na kuanzia hapo makazi ya Dar es Salaam yakawa suala la basi.

Na basi halikuwapo. Kampuni binafsi ya mabasi, DMT, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani, UDA safari za mjini. Waliokuwa vijana wakati huo wanayakumbuka mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyounganishwa katikati, yaliyoitwa kumbakumba. Mafuta yalipopanda bei na fedha za kigeni za vipuri zikakosekana, magari yakaanza kulala gereji. Watu wakapanda chochote chenye magurudumu, kwa kujificha, hadi mwaka 1983 serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi. Daladala zikashika mji. Konda, mpiga debe, gari linalokatisha ruti na kugeuza njiani, mwanafunzi anayeachwa kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo: mambo haya yalianza kama dharura yakawa maisha ya kila siku.

Wakati huo huo Kariakoo yenyewe ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1975 lilifunguliwa soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, na ninaamini ni moja ya majengo bora yaliyowahi kusimamishwa nchini. Paa lake limebebwa na nguzo za zege zinazopanuka juu kama miavuli iliyopinduliwa, ili maji ya mvua yashuke ndani ya nguzo hadi kwenye hifadhi chini ya ardhi. Moto uliliunguza tarehe 10 Julai 2021. Lilijengwa kulisha mji kwa nyanya, ndizi na dagaa. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, bidhaa za Dubai na baadaye Guangzhou zikaifanya mitaa inayolizunguka kuwa duka la jumla la Congo, Zambia, Malawi na Komoro.

Hapo chumba kikauawa na fremu ya duka. Chumba cha mbele kilichokuwa kikilaza familia kilitobolewa mlango wa barabarani, kikaingiza kwa mwezi fedha ambazo mpangaji wa kulala hangezilipa kwa mwaka. Kilemba cha kuingilia fremu kikapita bei ya nyumba nzima mahali pengine. Kisha wakaja wenye mitaji: wewe una kiwanja, mimi nina fedha, tujenge, nikupe sehemu yako. Warithi kumi wa nyumba moja ya bibi hawakuwa na nguvu ya kukataa. Wengi walichukua fungu lao wakaenda kujenga Mbagala, Chanika, Gongo la Mboto au Kimara. Maghorofa yakaota juu ya viwanja vilivyopimwa kwa ajili ya nyumba ya udongo ya vyumba sita, juu ya mitaa ile ile myembamba na mitaro iliyowekwa kwa ajili ya watu wachache. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo moja lilianguka asubuhi, na waokoaji wakahangaika siku kadhaa kuwatafuta watu waliokwama chini ya kifusi. Zaidi ya ishirini walikufa.

Kwa waliohamia mbali, mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ulianza kubeba abiria Mei 2016, kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo. Umeokoa saa nyingi za watu, na anayeubeza hajasimama Ubungo saa kumi na mbili asubuhi miaka ya nyuma. Mvua kubwa ikinyesha, hata hivyo, maji ya Mto Msimbazi hufunika bonde la Jangwani na safari husimama. Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Kituo cha Gerezani, pale mabasi yanapogeuza Kariakoo, kimekaa mahali palipokuwa na nyumba za watu. Familia zilizoweza kutembea hadi mjini ziliondolewa ili wanaoishi mbali wafikishwe mjini.

Mfano wa kinyume chake upo, tena hatua chache kutoka barabara hiyo hiyo ya mwendokasi. Magomeni Kota ilibomolewa, na familia zake 644 zikangoja miaka mingi nje kwa manung'uniko yaliyokuwa na haki. Mwaka 2022 zilikabidhiwa maghorofa mapya pale pale, jirani na kituo cha mwendokasi. Ardhi ilikuwa ya umma, ndiyo sababu iliwezekana.

Kariakoo ardhi imegawanyika kwa mamia ya wamiliki, lakini kibali cha ujenzi bado hutolewa na halmashauri. Kibali hicho hicho kinachohesabu ghorofa na maegesho ya magari kinaweza kudai kwamba orofa kadhaa za kila jengo jipya ziwe za kupangisha familia, kwa kodi ambayo muuza duka wa chini yake anaimudu. Mji wenye watu milioni 5.38, kwa sensa ya 2022, hauwezi kuendelea kumsafirisha kila asubuhi mtu ambaye babu yake alilala mtaa huo huo.